Enoch Powell: Ufasaha na Dhamana

John Enoch Powell alikuwa mjumbe wa Bunge la Uingereza tangu mwaka 1950 mpaka mwaka 1987, ila kwa miezi michache ya mwaka 1974. Katika muda huo alitoa hotuba nyingi, lakini mbili ndizo zilizolifanya jina lake lisisahaulike. Ya kwanza aliitoa Bungeni katika mjadala ulioanza usiku wa tarehe 27 Julai, 1959, ukaendelea mpaka saa za alfajiri, juu ya watu 11 waliouawa katika kambi ya Hola, Kenya. Ya pili aliitoa katika hoteli moja mjini Birmingham tarehe 20 Aprili, 1968, juu ya watu wa rangi waliohamia Uingereza. Kwa hotuba ya kwanza alisifiwa hata na wapinzani wake. Kwa hotuba ya pili aliondolewa katika baraza kivuli na Edward Heath, kiongozi wa chama chake mwenyewe, siku iliyofuata.

Mazoea ya waandishi wengi yamekuwa ni kuzitenga hotuba hizi, kana kwamba ya kwanza ilisemwa na mtu mwema, na ya pili na mtu mwingine aliyelichukua jina lake. Mazoea hayo yanampunguzia msomaji kazi, lakini yanamnyima faida. Hotuba zote mbili zimetoka katika elimu moja na tabia moja ya kupanga maneno. Zikisomwa pamoja zinaleta swali ambalo mwanafunzi wa ufasaha hana budi kulikabili: ikiwa ustadi ni ule ule, ni kitu gani kilichoifanya hotuba moja isimame na nyingine ianguke? Jibu halimo katika uzuri wa maneno. Limo katika jambo ambalo hotuba ya Hola imejengwa juu yake, nalo ni dhamana: nani anayeweza kuulizwa juu ya lililotendwa na lililosemwa, na aulizwe wapi.

Powell alizaliwa Birmingham tarehe 16 Juni, 1912, akiwa mtoto wa pekee wa wazazi waliokuwa walimu. Alisoma katika shule ya King Edward's mjini humo, kisha Trinity College, Cambridge, ambako wakati ule A. E. Housman, mshairi na mhakiki mkali wa maandishi ya Kilatini, alikuwa akifundisha. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 25, aliteuliwa kuwa profesa wa Kiyunani katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Mwaka 1938 ilichapishwa kamusi yake ya maneno ya Herodotus, mwanahistoria wa Wayunani. Alitunga mashairi pia, na mapenzi yake ya lugha hayakuishia kwa Wayunani na Warumi: alikijua Kiwelisi cha kale vizuri hata akashiriki katika kuhariri kitabu cha sheria za Wales, akajifunza Kiurdu alipokuwa askari India, na uzeeni akajifunza Kiebrania ili achunguze asili ya Injili. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliingia jeshini akiwa askari wa kawaida. Alitoka akiwa brigedia.

Habari hizi zinaonyesha adabu ya kazi aliyolelewa ndani yake. Mhakiki wa maandishi ya kale kazi yake ni kuhoji mashahidi. Nakala za kitabu zikihitilafiana, huulizwa ni nani aliyenakili, alinakili kutoka wapi, na kama alikuwa na sababu ya kubadili. Nakala isiyojulikana asili yake haipewi imani kwa kuwa maneno yake yanapendeza tu. Yeyote aliyewahi kulinganisha hati za mkono za tenzi za pwani, ambazo mara nyingi beti zake hazipatani kwa hesabu wala kwa maneno, anaijua adabu hiyo na taabu yake. Powell aliijua zaidi ya watu wote waliokuwa Bungeni katika zama zake. Kwa hiyo ni haki apimwe kwa kipimo chake mwenyewe.

Siasa aliingia kwa sababu ya India. Aliipenda nchi ile hata akatamani siku moja kuwa mwakilishi wa mfalme huko; lakini India ilijitawala mwaka 1947, kabla hajapata kiti Bungeni. Mwaka 1950 alichaguliwa mjumbe wa Wolverhampton kwa chama cha Conservative. Januari 1958, akiwa naibu katika Hazina, alijiuzulu pamoja na waziri wake, Peter Thorneycroft, kwa sababu ya mabishano juu ya matumizi ya serikali. Basi habari za Hola zilipofika Bungeni hakuwa na cheo cha kupoteza, lakini alikuwa na chama cha kukiudhi, na uchaguzi mkuu ulikuwa karibu: ulifanywa Oktoba ya mwaka ule ule.

Yaliyotokea Hola hayana haja ya kupambwa. Kambi ilikuwa karibu na mto Tana, na ndani yake walizuiwa watu waliohesabiwa na serikali kuwa wagumu wa Mau Mau, waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Maofisa walikuwa wametunga mpango wa kuwapeleka kazini kwa nguvu. Tarehe 3 Machi, 1959, mpango ulitimizwa, askari wa kambi wakawapiga, na watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali ya Kenya lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji yaliyoletwa kwa gari. Uchunguzi ulipofanywa ilidhihirika kwamba walikufa kwa majeraha ya kupigwa. Nyaraka zilichapishwa kwa ajili ya Bunge, na wajumbe wa Labour, miongoni mwao Barbara Castle aliyekuwa amefuatia kwa miaka kadhaa habari za mateso katika Kenya, walitaka ukweli wote utolewe.

Powell alisimama usiku ukiwa umekwenda sana. Mpango wa hotuba yake ni rahisi, nao ni wa mtu aliyezoea kusoma nyaraka. Alisema kwamba maafa yale yalikuwa maafa ya utawala, tena yalikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kutoa ruhusa kwa tendo ambalo kwa asili yake lingeweza kuleta vifo. Ya pili ni kutohakikisha kwamba tendo lile, hata lilivyokuwa, litafanywa kwa hatari ndogo iwezekanavyo. Ya tatu ni tangazo la maji. Kisha akafuata kila sehemu kutoka ngazi moja ya utawala mpaka nyingine, akiuliza ni nani aliyejua na nani aliyekubali. Akaonyesha kwamba lawama zilikuwa zimewekwa juu ya mkuu wa kambi na mkuu wa magereza, hali dhamana ilipanda juu yao. Mwisho akamgeukia Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, mtu wa chama chake aliyekuwa mbele yake, akamsihi kwa heshima ahakikishe kwamba dhamana inachukuliwa mahali pake na inaonekana kuwa imechukuliwa hapo.

Tamathali katika hotuba hii ni chache mno. Kinachoibeba ni takriri: neno moja la Kiingereza, maana yake dhamana, linarudi na kurudi, na kila linaporudi limepanda ngazi moja. Msikilizaji hachoshwi na kurudiwa kwake, maana kila mara linamwangukia mtu mkubwa zaidi. Jambo la pili la kutazamwa ni mfuatano wa hoja. Nyaraka zimetangulia, kanuni imefuata. Hapo tu ndipo Powell alipomjibu mjumbe wa upande wake aliyekuwa amewaita marehemu watu wasiofikia ubinadamu. Alisema kwamba ni fundisho la kutisha, nalo litawarudia wanaolitamka, kumhukumu binadamu mwenzako na kusema kwamba kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, basi kifo chake kisiwe na matokeo ambayo kifo cha mwingine kingekuwa nayo. Akaongeza kwamba haiwezekani kuwa na kipimo cha Kiafrika katika Afrika, cha Kiasia katika Asia, na labda cha Kiingereza nyumbani. Maneno haya yana nguvu kwa sababu yamesimama juu ya msingi uliokwisha jengwa. Yangetangulia, yangekuwa mahubiri. Denis Healey, wa upande wa pili wa Bunge, alikuja kusema kwamba haikupata kuwako hotuba kubwa kuliko hiyo katika zote alizozisikia Bungeni, akaifananisha na kazi ya Demosthenes.

Mwenye kutaka kuitia hotuba hii katika Kiswahili hukutana mara moja na shida ya neno lile. Wajibu ni jambo limpasalo mtu, lakini mtu aweza kuwa na wajibu asiwe na wa kumwuliza. Jukumu ni uzito alioubeba. Dhamana ni karibu zaidi, maana mdhamini husimama badala ya mwingine na kudaiwa asichokula. Liko neno la nne, madaraka. Katika matumizi ya zamani madaraka yalikuwa uangalizi na dhamana ya jambo. Katika matumizi ya baadaye yameelekea kuwa uwezo na cheo. Hoja yote ya Powell ni kwamba maana hizi mbili haziachani: aliye na madaraka ya cheo ana madaraka ya dhamana, na akiikana ya pili ameipoteza haki ya kwanza. Tarehe 1 Juni, 1963, miaka minne baada ya mjadala ule, Kenya ilipopata serikali yake ya ndani, siku hiyo iliitwa Madaraka. Kiswahili kilikuwa kimeweka katika neno moja yale ambayo mnenaji wa Kiingereza alihitaji hotuba nzima kuyaunganisha.

Hata hivyo, sifa za hotuba ya Hola zisifiche mpaka wake. Nafsi inayotawala ndani yake ni “sisi”, na “sisi” hiyo ni Waingereza. Marehemu ni sababu ya hotuba, lakini hawamo miongoni mwa wanaosema wala wanaosemeshwa. Sehemu ya mwisho inahoji kwamba utawala wote hutegemea rai ya watu, na kwamba yale ambayo Uingereza itaweza kuyafanya katika Afrika yatategemea jinsi watu wanavyoyaona matendo ya Waingereza. Jambo linalotetewa hapo ni heshima ya mtawala. Utetezi huo ulikuwa mkali kuliko uwezo wa wengi waliodai kuwapenda Waafrika, na matunda yake yalikuwa mema. Lakini msomaji wa Kiafrika anayeusoma atatambua kwamba anatazamwa kwa upande, si uso kwa uso. Ufa huo mdogo wa mwaka 1959 ndio uliopanuka baadaye.

Katika miaka iliyofuata Powell alikuwa Waziri wa Afya, tangu 1960 mpaka 1963, na hospitali zilizokuwa chini yake zilitegemea pia wauguzi waliotoka visiwa vya Karibi. Kisha Kenya ilirudi katika mambo yake kwa njia nyingine. Mwaka 1967 serikali ya Kenya huru ilitunga sheria zilizowabana wakazi wasio raia katika kazi na biashara, na Waasia wengi wenye pasi za Uingereza wakaanza kuondoka. Pasi zile zilikuwa zimetolewa na Uingereza; zilikuwa dhamana iliyoandikwa. Powell alikuwa miongoni mwa waliotaka mlango ufungwe, akalisema hilo huko Walsall Februari 1968. Sheria ya kuwazuia ilipitishwa Bungeni kwa siku tatu, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi, 1968. Mtu aliyeifuata dhamana ya Hola ngazi kwa ngazi hakuifuata dhamana hii hata ngazi moja.

Wiki saba baadaye ilikuja hotuba ya Birmingham. Bunge lilikuwa karibu kujadili mswada wa kukataza ubaguzi wa rangi katika nyumba na kazi, na Powell aliupinga. Ukiitazama hotuba kwa ufundi tu, ni kazi ya mkono ule ule: sentensi zimepimwa, sauti inapanda kwa hesabu, na mwisho umetengenezwa ukae masikioni. Lakini mfuatano umegeuzwa. Kanuni imetangulia, kwamba kazi kuu ya kiongozi ni kuzuia maovu yawezayo kuzuilika. Kisha zimefuata hadithi. Na mahali ambapo hotuba ya Hola ilifikia dai kwa mtu aliye mbele ya msemaji, hii inafikia ndoto.

Mashahidi nao wamebadilika. Hola mashahidi walikuwa nyaraka zilizo mikononi mwa kila mjumbe, na mkosaji yeyote aliyetajwa angeweza kujitetea. Birmingham mashahidi ni mtu mmoja wa kawaida asiyetajwa jina, anayesema kwamba siku zinakuja ambapo mweusi atakuwa na kiboko juu ya mweupe, na barua iliyotoka kwa mtu mwingine asiyetajwa, ikisimulia habari za mama mzee asiyetajwa vilevile, anayesumbuliwa na majirani weusi. Maneno makali kuliko yote ya hotuba hayakusemwa na Powell kwa nafsi yake. Yalipitia vinywa vya wengine, naye akayaleta kama mjumbe aliyetumwa, asiyeuawa. Waandishi wa magazeti walimtafuta yule mama katika Wolverhampton wakati ule wasimpate. Kama yuko au hayuko si hoja ya uhakiki. Hoja ni kwamba msikilizaji aliambiwa aamini pasipo njia ya kuuliza. Housman angemrudishia mwanafunzi kazi ya namna hiyo. Mhariri wa Herodotus, aliyejua kuutofautisha uvumi na ushuhuda, alipokea uvumi akaupa sauti ya ushuhuda.

Mwisho wa hotuba umenukuliwa sana, nao unastahili kuchunguzwa, maana ndipo elimu yake ilipotumika vibaya zaidi. Powell alisema kwamba, kama yule Mrumi, anaona mto Tiber ukitoka povu kwa damu nyingi. Maneno hayo yamo katika kitabu cha sita cha Aeneid, utenzi wa Virgil. Virgil ni Mrumi, kweli. Lakini ndani ya utenzi msemaji ni Sibyl, kuhani wa kike wa Cumae, na anayeambiwa ni Aeneas, mkimbizi kutoka Troy aliyefika Italia kutafuta makao. Vita vile vinatabiriwa kwa mgeni, si kwa wenyeji kuwatahadharisha na wageni. Na utenzi unapofikia mwisho wake, ahadi iliyotolewa ni kwamba wageni na wenyeji watachanganyika wawe taifa moja, na taifa hilo ndilo Roma. Basi ushahidi ambao Powell aliuita kwa fahari kuu ulikuwa, ukisomwa wote, ushahidi dhidi yake. Wasikilizaji wengi wa Birmingham hawakuwa na njia ya kulijua hilo. Yeye alikuwa nayo.

Nguvu ya hotuba haikuwa ndogo. Makuli wa bandari ya London waliandamana mpaka Bungeni kumuunga mkono, na kura ya maoni ya Gallup ilionyesha asilimia 74 ya waliohojiwa wakikubaliana naye. Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini huyu hakujikwaa. Alikwenda kwa hatua alizozipima.

Wako waliomtetea kwa kusema kwamba hakubadilika: kwamba mwaka 1959 na mwaka 1968 alilinda kitu kimoja, yaani taifa la Waingereza na Bunge lake. Hoja hiyo ina uzito, na maisha yake ya baadaye yanaiunga mkono. Mwaka 1974 alikihama chama chake kwa kukataa Uingereza kuwa ndani ya Soko la Pamoja la Ulaya, hata akawashauri wapiga kura wachague Labour. Akarudi Bungeni mwaka huo huo kwa kiti cha South Down katika Ireland ya Kaskazini, akakishika mpaka aliposhindwa mwaka 1987. Alifariki tarehe 8 Februari, 1998. Katika yote hayo taifa na Bunge ndivyo vilivyokuwa kipimo chake. Lakini hoja hii, badala ya kuiokoa hotuba ya Birmingham, inaeleza kosa lake. Hola “sisi” ilikuwa jina la wanaodaiwa: sisi tuliotawala, na kwa hiyo sisi tutakaoulizwa. Birmingham “sisi” imekuwa jina la wanaodai, wala hakuna wanachoulizwa. Kipimo kimoja kwa watu wote, ambacho mwaka 1959 kilisemwa kwa ajili ya kambi ya mbali, mwaka 1968 hakikutosha kuvuka barabara moja ya Wolverhampton.

Kwa wanaofundisha ufasaha katika Kiswahili, mfano huu una faida zaidi ya historia ya Uingereza. Vitabu vya shule huwafundisha vijana kuzitambua tashbihi, takriri na istiara, na kuyasifu maneno yenye mpangilio. Kwa kipimo hicho hotuba hizi mbili zitapata alama sawa, na labda ya pili itazidi, maana ina picha nyingi. Kipimo kisichoweza kuzitenga kina upungufu. Uhakiki unapaswa kuuliza pia: shahidi ni nani? Anayeshtakiwa yupo ajibu? Nukuu imeletwa pamoja na mazingira yake, au imekatwa? Msemaji amejihesabu miongoni mwa wanaodaiwa? Maswali haya si ya maadili yaliyobandikwa juu ya fasihi. Ni maswali juu ya muundo wa hotuba yenyewe, na majibu yake yamo ndani ya maneno.

Swali la Hola lenyewe halikufungwa usiku ule. Lennox-Boyd hakujiuzulu, wala hakuna aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Tarehe 6 Juni, 2013, serikali ya Uingereza ilitangaza Bungeni kwamba inasikitika kwa mateso yaliyotendwa katika Kenya wakati wa hali ya hatari, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa jumla ya wadai 5,228. Katika tangazo lile lile iliendelea kukana kwamba ina dhamana ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Fedha zilitolewa na masikitiko yakasemwa. Dhamana, ambayo Powell alitaka ichukuliwe mahali pake na ionekane kuwa imechukuliwa, ilibaki chini ilipoachwa mwaka 1959.